Simu ya mama: batani ya kubonyeza au zile za kwenye kioo?

binti_Ngamiani

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumebishana wiki nzima hatujafika popote.

Mama yangu yupo Tanga, umri umeenda, ana simu ya tachi ya zamani yenye ile batani ya kubonyeza katikati chini ya kioo, na pembeni yake kuna vile vialama viwili vya kugusa, cha kurudi kipo kushoto. Sasa batani ya kati imechoka, mara inakubali mara inagoma mpaka akandamize kwa kucha, na kwa mama ile batani ndiyo simu yenyewe, akipotea popote anabonyeza pale anarudi mwanzo anaanza upya. Kaka anasema tumnunulie mpya, siku hizi zote batani zake ziko kwenye kioo, atazoea. Mdogo wangu anasema tutamtesa bure, tutafute iliyotumika yenye batani kama ile ile. Mama mwenyewe ukimuuliza anasema yeye anataka kitu akikishika ajue amekishika.

Matumizi yake ni kupiga na kupokea, WhatsApp hasa zile za sauti maana kuandika hataki, M-Pesa kwa *150*00#, na picha za wajukuu. Bajeti ni laki tatu na nusu, ikizidi kidogo tutachangishana. Nani ana mzazi aliyehama kutoka batani ya kubonyeza kwenda ya kioo, ilikuwaje? Na ile ya kwake inatengenezeka au ndo basi?

fundi_wa_Msimbazi

Dada habari ya huko. Mimi ni fundi hapa Kariakoo, ngoja nianze na kitu watu wanachanganya kila siku. Mtu akisema simu ya batani anaweka vitu viwili tofauti pamoja. Kuna batani ya kubonyeza kweli, ile inayoshuka na unaisikia kidoleni, chini yake kuna kibati kidogo kimebinuka, ukikandamiza kinaingia ndani kinaunganisha saketi halafu kinaruka kurudi. Hiyo hata ukivaa glavu, hata mkono ukiwa na maji, inafanya kazi maana inachotaka ni nguvu tu. Halafu kuna vile vialama vya pembeni, vile siyo batani, kwenye simu nyingi ni tachi ile ile ya kioo imerefushwa ikapita chini ya mwisho wa picha, ndo maana kidole kikiwa na maji navyo vinagoma. Kwa hiyo simu ya mama ilikuwa nusu kwa nusu tangu siku ya kwanza, batani ya kweli ni moja tu, kurudi nyuma muda wote huo alikuwa anatumia tachi bila shida. Mwambie mdogo wako hilo, maana linabadilisha hesabu.

Kuhusu ugonjwa. Inayokubali mara inagoma mara nyingi ni uchafu, vumbi na jasho vimeingia pembeni ya batani, au kibati kimechoka, au ule waya bapa tunaouita fleksi umeanza kukatika kwa ndani. Uchafu unasafishwa, kibati na fleksi vinabadilishwa, siyo kazi kubwa kama spea zipo. Tatizo la simu za umri huo ni spea, unakuta fundi anachomoa kwenye simu nyingine mbovu, nayo imeshabonyezwa miaka. Na kuna simu ambazo kuifikia ile fleksi lazima kioo kinyanyuliwe kwanza, kioo cha zamani kikinyanyuliwa kinaweza kupasuka, so kabla fundi hajafungua muulize anaingilia wapi na kioo kikipasuka nani analipa. Muulize kabla, siyo baada.

Batani za kwenye kioo zenyewe hazichakai kwa kubonyezwa, ni picha tu. Ila tachi ikifa sehemu ya chini, na hiyo naipokea sana simu zikiangukia kona, unabaki huna kurudi huna home, yaani ile ya kwenda mwanzo, na tiba ni kubadili kioo kizima. Hiyo ndiyo bei yake na ni vizuri uijue mapema. Mnunulie kava nene lenye kona za mpira siku hiyo hiyo ya kununua simu.

kioo_chote

Mimi nipo na kaka yako. Batani za kwenye kioo hazikuja kwa ajili ya urembo jamani, zimekuja na akili. Zilianza kwenye tableti za Android 3.0 mwaka 2011, mwisho wa mwaka huo huo ikatoka Galaxy Nexus na Android 4.0, hiyo ndo simu ya kwanza ya Android kuweka kurudi, home na programu za karibuni ndani ya kioo. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa inapanga inavyotaka, Nexus One ya 2010 ilikuwa na vialama vinne vya kugusa, kurudi, menyu, home na kutafuta, ukihamia simu nyingine unakuta mpangilio mwingine kabisa unaanza kujifunza upya.

Na ikiwa kwenye kioo inajua uko wapi. Kibodi ikifunguka mshale wa kurudi unageuka unaangalia chini, maana yake ukigusa hapa utafunga kibodi. Ukiilaza simu zinageuka na wewe. Ukiangalia video zinajificha, hiyo kujificha kabisa ilikuja na Android 4.4 mwaka 2013. Batani ya chuma haiwezi hata moja kati ya hayo, ipo pale pale usiku na mchana inakula nafasi.

Nafasi ndo jambo kubwa kwa mama mwenye macho ya utu uzima. Chukua Samsung Galaxy S7 ya 2016 yenye batani, kioo inchi 5.1, urefu milimita 142.4 na upana 69.6. Mwaka uliofuata S8 wakatoa batani, kioo kikawa inchi 5.8, upana ukapungua ukawa 68.1, urefu ukaongezeka kama milimita sita na nusu tu. Yaani simu nyembamba zaidi mkononi na maandishi yana pa kukaa. Kwa mtu anayeongeza ukubwa wa herufi hiyo siyo kitu kidogo.

Nikiri upande wa pili nao ulikuwa na hoja zamani. Galaxy Nexus ilikuwa na pikseli 1280 kwa urefu na ule mstari wa batani ulikula 96, watu walilalamika na walikuwa na haki, umenunua kioo halafu sehemu yake umekodishwa. Lakini vioo vya siku hizi ni virefu, ule mstari hauonekani kama hasara tena.

Ila kitu kimoja nisikie mtu asiseme, kwamba batani ziliondolewa sababu ya maji. Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa na batani ya kubonyeza na ina IP67, kile kipimo cha kuzuia vumbi na maji, S7 ilikuwa nayo na IP68. Batani ya kubonyeza na kuzuia maji vinakaa pamoja vizuri tu, walichotaka ni kioo kikubwa.

sauti_na_vidole

Naomba niongee kwa upande wetu tusioona vizuri, maana kwenye mabishano haya huwa tunasahaulika na mama wa dada hapa anaelekea kwenye njia hiyo hiyo ya macho.

Mimi natumia simu kwa TalkBack, ile inayosoma kioo kwa sauti. Kwenye simu yangu ya mwanzo yenye batani ya kubonyeza nilikuwa napapasa sehemu ya chini, kidole kinaikuta, nabonyeza mara moja nipo nyumbani. Sihitaji kusikia chochote, naweza kufanya nikiwa kwenye daladala iliyojaa kelele na spika siisikii. Nilipohamia batani za kioo, hakuna cha kupapasa, kioo chote ni sawa, lazima niguse nisikie imetaja kurudi au home, ndo nigonge mara mbili. Yaani kitu cha tendo moja kimekuwa cha matendo mawili na sikio juu yake. Mwenye macho anasema ni sekunde tu, sawa, lakini ni sekunde kila mara, siku nzima, maisha yote. Na pale mtu anapokupigia ukiwa unatembea barabarani hizo sekunde unaziona.

Sasa siandiki ili kumkatisha tamaa dada, kuna njia. TalkBack ina michoro ya kidole inayofanya kazi popote kwenye kioo, ukiteleza kidole chini kisha kushoto bila kukinyanyua umerudi nyuma, juu kisha kushoto umeenda home, kushoto kisha juu unapata programu za karibuni. Mimi siku hizi situmii zile batani kabisa. Lakini hii ni kwa anayetumia TalkBack, kwa mama anayeona bado usimwashie, itamchanganya vibaya sana, simu nzima inabadilika tabia.

Ninachotaka mkielewe ni kwamba mama akisema anataka akishika ajue ameshika, hasemi kwa ukaidi wa uzee. Anachotafuta ni mahali pa kuanzia panapojulikana kwa kidole. Mkimpa simu ya kioo lazima mumtafutie mahali pengine pa hivyo. Kampuni zilizotoa ile batani zingeweza hata kuweka kijistari kidogo kilichoinuka pale chini kidole kikione, na sijui kwa nini wanaona tabu, tarakimu 5 kwenye vitochi ina kidoti kilichoinuka miaka yote na kila kipofu anakijua.

mtundu_wa_simu

Kama ile simu ya mama sehemu nyingine zote ni nzima usitupe, ifanyie ruti, yaani jipe mamlaka yote ya mfumo wa simu, halafu fungua faili la mfumo linaloitwa build.prop ongeza mstari qemu.hw.mainkeys=0 kisha iwashe upya, batani tatu zinatokea kwenye kioo kama simu mpya, ile ya kati ikifa kabisa haikuhusu tena

fundi_wa_Msimbazi

Mtundu uko sahihi kwa simu nyingi za zamani na mimi nimeshawafanyia watu, ila simu ya mama yenye M-Pesa na yuko mkoani, ikigoma kuwaka nani atamwokoa huko? Na simu ikishafanyiwa ruti programu nyingi za benki zinakataa kufunguka. Njia nyepesi ya kusukuma siku wakati mnatafuta hela ni batani ya kuelea. iPhone ina AssistiveTouch tangu iOS 5 ya 2011, Samsung ina menyu yake ya msaidizi, Android za karibuni nazo zina menyu ya aina hiyo kwenye seting za ufikivu. Kwenye simu ya zamani isiyo nayo utakuta programu Play Store, hapo uwe makini sana dada. Zile programu zinaomba ruhusa ya ufikivu, na ruhusa hiyo inaweza kusoma kinachoonekana kwenye kioo. Kwa mtu anayetuma hela kwa simu siyo ya kumpa programu usiyojua ni ya nani.

wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi langu fupi. Hiyo fikira ya kutafuta simu ya zamani yenye batani muiache, si kwa sababu ya batani, ni kwa sababu ya umri wa simu. WhatsApp Oktoba 2023 ilianza kutaka Android 5.0 kwenda juu, na hicho kiwango huwa wanakipandisha. Galaxy S7 yenyewe iliyotajwa hapo juu iliishia Android 8. Ukinunua leo iliyotumika kutoka Dubai ina batani nzuri, betri imechoka, apdeti za usalama zilikwisha kitambo, baada ya muda mama anaambiwa WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu hii, mnaanza tena safari ile ile akiwa mkubwa zaidi. Kujifunza kitu kipya ni bora ajifunze sasa.

La pili, tafadhali msimwekee mama yetu mambo ya kuswaipu. Tangu Android 10 ya 2019 kuna ule mtindo wa kuteleza kidole kutoka ukingoni ndiyo kurudi, na simu nyingine mpya zinakuja zimewekwa hivyo moja kwa moja, mtu anafungua boksi anaona hakuna batani yoyote anadhani ndivyo ilivyo. Batani tatu zipo, zimefichwa tu. Ingia seting, kwenye kisanduku cha kutafuta andika navigation, chagua batani tatu. Mzee wangu alihangaika na kuswaipu, anataka kusogeza picha inayofuata anajikuta ametoka nje ya picha, akawa anaogopa kugusa simu kabisa. Tulipomrudishia batani tatu siku hiyo hiyo akaanza kutuma picha.

tulia_mjini

Kwani iPhone SE ya 2022 si ina home batani na apdeti zinakuja? Tafuteni iliyotumika mumalize ubishi.

fundi_wa_Msimbazi

Ni simu nzuri, na ndiyo ya mwisho ya iPhone kuwa na home, iliondolewa sokoni Februari 2025. Lakini jua kwamba ile batani haishuki. Kuanzia iPhone 7 ya 2016 pale ni duara gumu lisilosogea, ukigusa kuna mota ndani inatikisa simu unahisi kama umebonyeza. Izime simu kisha ukandamize, hausikii kitu. Inadanganya kidole vizuri, nawasifu kwa hilo, lakini kwa mkono wenye maji haina faida ile ya batani ya kibati.

Na ikiharibika ndo balaa, sensa ya kidole iliyopo pale imefungwa na bodi ya simu ile ile, ukiweka batani nyingine alama ya kidole haifanyi kazi tena. Kwa bajeti yao na mama ambaye hajawahi kutumia iPhone mimi nisingemhamisha kila kitu kwa mpigo, batani aibakize afu menyu zote zibadilike.

binti_Ngamiani

Wakuu asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nimewasomea nyumbani, ile ya kwamba mama alikuwa anatumia tachi kurudi nyuma muda wote ndo imemnyamazisha mdogo wangu. Na maneno ya sauti_na_vidole nimeyasoma mara mbili, kusema kweli tulikuwa tunamchukulia mama kama mbishi.

Shangazi ana Samsung mpya kidogo yenye batani tatu za kioo, nikamwambia ampe mama aichezee jioni nzima. Home ameipata haraka. Shida alizopata ni mbili. Ya kwanza anakandamiza kwa nguvu na kwa muda mrefu kama alivyozoea kwenye ile mbovu, basi badala ya kwenda mwanzo inafunguka ile ya kuongea na Google, anashtuka anaiweka chini. Ya pili ni kurudi nyuma, kwenye ya shangazi ipo kulia na ya mama ilikuwa kushoto, kila akitaka kurudi anagusa ile ya kuonyesha programu zote. Na vidole vyake ni vikavu, kuna muda anagusa kioo hakisikii kabisa. Hivi vinatibika?

wa_Likoni

Vyote vinatibika. Kushoto na kulia ni historia, Google waliweka kurudi kushoto, Samsung tangu enzi za batani waliweka kulia na hawakuacha. Kwenye Samsung ukifika kwenye seting ya ule mstari wa chini kuna mpangilio wa batani, chagua wenye mshale kushoto, mkono wa mama unabaki na mazoea yake.

sauti_na_vidole

Kwa vidole vikavu, Samsung kwenye seting za kioo ina kuongeza usikivu wa tachi, imewekwa kwa ajili ya wenye protekta lakini kwa wazee inasaidia mno. Protekta nene ya bei chee mwondolee. Kwa kukandamiza muda mrefu, kwenye seting za ufikivu kuna muda wa kugusa na kushikilia, uweke ule mrefu kuliko yote. Ile ya Google kufunguka kwenye home nayo inazimwa kabisa, izime, mama hataikumbuka.

Na usisahau batani za ubavuni dada, hizo bado ni za kubonyeza kweli na hakuna aliyeziondoa. Kwenye programu ya kupiga simu ya Samsung kuna sehemu ya kupokea na kukata, washa kupokea kwa batani ya kuongeza sauti na kukata kwa ile ya kuwashia simu. Android nyingine nyingi nazo zina ya kukata kwa batani ya kuwashia, ipo kwenye ufikivu. Mama simu ikiita hatatafuta kitu kwenye kioo, atapapasa ubavuni atakikuta. Mimi ndivyo ninavyopokea zangu. Mfundishe hiyo kabla ya kitu kingine chochote, mpigie hata mara ishirini akiwa ameishika mpaka kidole kiende chenyewe.

kioo_chote

Naongeza dogo, kama mtachukua yenye kioo cha OLED, ile aina ambayo kila nukta inawaka yenyewe, msiwashe kioo kukaa muda mrefu bila kuzima, zile alama za batani zikikaa pale pale kwa mwanga mkali miaka na miaka zinaacha kivuli. Samsung kwenye S8 ilifikia hadi kuisogeza alama ya home kidogo kidogo ili isiungue sehemu moja. Kwa laki tatu na nusu nyingi mtakazokutana nazo ni za kioo cha LCD, kinachowashwa na taa ya nyuma, hizo hazina habari hiyo.

fundi_wa_Msimbazi

Mkishanunua, kabla hamjaitoa dukani fungua sehemu yoyote ya kuchora au kuandika, teleza kidole kioo kizima mpaka ukingo wa chini kabisa na kona zote mbili, mstari usikatike popote. Hapo ndipo batani zake zitakapokaa. Na ikija apdeti kubwa mpigie mama umuulize kama batani tatu bado zipo, zikipotea ni seting ile ile ya navigation, shangazi anaweza kumrudishia.